Msiba wa Mzee Mpululu Nyuma ya Nyumba ya Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakikaa kijijini kama sisi, wakiazimana chumvi na kusengenyana kisimani, alikuwapo digidigi mmoja jina lake Mama Siwema. Mngemwona msingempa hata robo ya heshima. Miguu yake ilikuwa vijiti vya mishikaki! Lakini kichwani, weee, mlikuwa na mambo.

Mama Siwema alikuwa na mume mpole sana, na watoto wawili, Siwema na mdogo wake Chande. Watoto hao walipenda kucheza nyumba. Siwema mama, Chande baba. Wanapika ugali wa mchanga, wanagombana kwa sababu ya mboga, wanapatana. Shida ilikuwa mahali. Walichezea kwenye njia ya kwenda mtoni, maana ndipo penye tambarare peke yake.

Na njia ile ilikuwa njia ya Kiboko.

Siku moja Kiboko akawa anarudi kutoka mtoni, tifu! tifu! tifu! Tumbo limetangulia, macho yako juu. Chungu cha Siwema, pwaa! Kitanda cha mwanasesere, pwaa! Mguu mwingine ukatua karibu kabisa na sikio la Chande, mchanga ukamjaa mdomoni.

"Ala!" Kiboko akasema bila hata kusimama. "Kumbe kuna watu hapa? Mama Siwema, wafunge kamba hao wanao!"

Mama Siwema akatoka mbio, akamkung'uta Chande mchanga kwa hasira. Mvua zilikuwa karibu. Mvua zikinyesha nyasi hupanda, na nyasi zikipanda mtoto wa digidigi haonekani kabisa. Siku hiyo mguu wa Kiboko usingemkosa Chande.

"Watoto nitawajengea kijumba chao cha kuchezea," akamwambia mumewe. "Uani, nyuma ya nyumba. Tena kabla ya mvua."

Lakini uani penyewe sasa! Mawe yamejaa. Kisiki cha mkwaju kimekaa katikati kama mwenye nyumba. Kichuguu ni kirefu kuliko mlango. Tena pameinama: ukiweka ndimu chini inajiendea yenyewe mpaka kwa jirani. Mume alishika jembe asubuhi nzima akatoa jiwe moja, dogo, halafu akaingia ndani kulala, anashika kiuno.

"Mke wangu, tuite majirani," alilia kutoka kitandani. "Ujirani ni kufaana."

Basi Mama Siwema akatoka kuomba msaragambo. Akaanza kwa Tembo, mwenyekiti wa kijiji.

"Mama Siwema," Tembo akasema, "mimi ni nani?"

"Mwenyekiti."

"Na mwenyekiti kazi yake nini? Kukaa kitini. Mimi nikisimama, kijiji hiki kitaongozwa na nani?"

Akaenda kwa Kifaru. "Shemeji, ningekuja," Kifaru akasema, tena akiiambia nguzo ya mlango, "ila macho yangu mabovu. Naogopa nisije nikamlima mumeo."

Akaenda kwa Kiboko. Kiboko alicheka mpaka matope yakamtoka puani.

"Kijumba cha kuchezea! Tangu lini mtoto akajengewa? Mimi nimekulia topeni, na nitazame nilivyo!"

"Nakutazama," akasema Mama Siwema, akarudi kwake.

Akakaa jikoni akawa anapuliza moto na kufikiri. Akakumbuka jambo moja. Watu wa kijiji kile walikuwa wavivu wa kila kitu isipokuwa msiba. Harusi utakosa, kikao utakosa, hata kuoga utakosa, lakini msibani lazima uonekane. Asiyezika wenzake, walisema, naye atazikwa na nzi. Na kulikuwa na jambo la pili: hakuna aliyethubutu kumwuliza mfiwa, "Kwani marehemu ni nani?" Hiyo ilikuwa aibu isiyosahaulika. Wewe unafika, unaweka mikono kichwani, unalia. Habari nyingine utazijua mbele kwa mbele.

Mama Siwema akaacha kupuliza moto. Akatafuta jina kichwani, likaja la kwanza lililotaka kuja.

"Mpululu," akasema. "Mzee Mpululu. Maskini, mzee wa watu."

Akajitanda kanga, akatoka mlangoni, akaweka mikono kichwani.

"Uwiii! Uwiii! Mzee Mpululu katutoka! Uwiiii!"

Mume akaruka kutoka kitandani, kiuno kimepona. "Nani? Mzee Mpu—" Akaona majirani wanakuja mbio huku machozi yanawatiririka. Akaona haya. "Uwiii!" naye akaangua. "Mzee Mpululu! Mtu mwema vile!" Akalia kuliko wote, mpaka mkewe akamwonea huruma.

Tembo alifika kwanza, kiti chake amekiacha nyumbani.

"Mpululu wangu jamani! Tuliingia jando pamoja!"

Kifaru akaja, akaukosa mlango, akajipiga ukutani, gubu! "Jana tu nimemwona," akalia, "kwa macho yangu haya mawili!"

Kiboko alipofika alijibwaga chini, vyombo vikaanguka rafuni. "Baba yangu mimi! Ndiye aliyenilea! Alikuwa akinibeba mgongoni!"

Watu wote wakajaribu kuuona mgongo huo.

"Poleni, poleni nyote," akasema Mama Siwema, anapenga kamasi kwa pindo la kanga. "Sasa kazi ni kaburi. Mwenyewe aliusia azikwe hapa nyuma, pale penye kisiki."

"Hata mimi aliniambia," akasema Tembo upesi.

"Mimi aliniambia kabla yako," akasema Kiboko.

Wakaenda uani. Jamani, kilio kina nguvu! Tembo akakizungushia kisiki mkonga, akavuta, kwaaa! kikatoka na mizizi yake yote. Kifaru akakivamia kichuguu kwa pembe, vumbi likapanda mpaka juu ya paa. Kiboko, yule aliyekulia topeni, akayasukuma mawe kwa tumbo mpaka nje ya ua, moja baada ya jingine, huku anaimba nyimbo za huzuni.

Kisha wakaanza kuchimba.

"Refusheni hapo," Tembo akaamuru. "Mpululu alikuwa mrefu kama mimi."

"Mrefu wapi?" Kiboko akaruka. "Mpululu alikuwa mnene! Tanueni. Mfupi, mnene, kama mimi."

"Na pembe yake je?" Kifaru akauliza. "Mbona hamjachimba pa kuweka pembe?"

"Mpululu hakuwa na pembe!" akasema Tembo.

"Hakuwa na pembe? Mwenyekiti, ulimjua Mpululu au hukumjua?"

"Nilimjua!"

"Basi?"

Tembo akatazama huku, akatazama kule. "Basi alikuwa nayo," akasema. "Ndogo."

Wakarefusha kwa ajili ya urefu, wakatanua kwa ajili ya unene, wakachimba kipango pembeni kwa ajili ya pembe. Kila mmoja alitaka kaburi lifanane naye, ili ijulikane nani alikuwa karibu na marehemu. Mama Siwema akawa anapita na kata ya maji, akisema kwa sauti ya chini, "Msisahau, Mzee alipenda kulala amekunjua miguu." Wakachimba pa kukunjulia miguu. Ua wote ukachimbuka, kona hadi kona.

Mwishowe Kiboko akajifuta jasho. "Haya. Mleteni marehemu."

Wote wakamgeukia Mama Siwema. Alikuwa amefikiria namna ya kuwafanya wachimbe, hakufikiria namna ya kuwafanya wafukie. Na shimo lile sasa! Wakiondoka likibaki hivyo, mvua zitalijaza maji, na watoto watakufa maji badala ya kukanyagwa. Wakijua wamedanganywa, watamfukuza kijijini pamoja na wanawe. Akatamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akalitazama shimo tena, akalitazama vizuri.

"Majirani zangu," akasema polepole, "nimepata habari sasa hivi. Ndugu zake wa ng'ambo ya mlima wamekuja kumchukua. Wamekwenda kumzika kwao."

"Lahaula!" akasema Tembo. "Bila sisi wa jando moja?"

"Bila ninyi. Lakini mimi silii hilo. Ninalilia hili kaburi." Akashusha sauti, wote wakainama kumsikiliza. "Mnajua wazee walivyosema. Kaburi likichimbwa halilali njaa. Likibaki wazi huita mtu. Wala haliiti ovyo ovyo, huita yule linayemtosha."

Wakalitazama shimo.

Lilikuwa refu kama Tembo. Lilikuwa pana kama Kiboko. Na pembeni, mahali pa pembe palikuwa pamekwisha kuchongwa vizuri, pamelainishwa.

"Mama weee!" Kifaru akapiga yowe. "Fukieni!"

Sasa hapo ndipo mngeona kazi! Udongo uliruka kama kuku wamemwona mwewe. Tembo anasukuma kwa kichwa, Kifaru anaparura kwa miguu ya nyuma, Kiboko anajibingirisha juu yake, bingiri! bingiri! Mume wa Mama Siwema naye akawa anatupia vijiwe, kimoja kimoja, huku anasema, "Kwaheri, Mzee Mpululu."

"Shindilieni!" akasema Mama Siwema. "Ukibaki hata ufa, litapumua!"

Tembo akaruka. Ti! Ti! Ti! Sahani zikacheza majumbani kijiji kizima.

"Hebu tuone kama limeshiba." Mama Siwema akaleta ndimu, akaiweka katikati. Ndimu ikatulia kidogo, halafu ikaanza kwenda. Ikapita kwa Tembo, ikapita kwa Kifaru, ikasimama mbele ya vidole vya Kiboko.

"Linaita!" akasema Mama Siwema. "Lo! Limemtaka Kiboko!"

"Si mimi! Si mimi!" Kiboko akabeba udongo mdomoni, akaumwaga upande ule ulioinama, akaukanyaga kama anaua nyoka. Wakaweka ndimu tena. Ikamfuata Kifaru. Kifaru akalia, akasawazisha. Ikamfuata Tembo. Mwenyekiti mzima akapiga magoti, akaulaza udongo kwa mkonga, taratibu, kama mtu anayepaka mtoto mafuta.

Wakaiweka mara nyingine. Ndimu ikakaa. Wakaitazama bila kupumua. Ikakaa.

"Bado lina kiu," akasema Mama Siwema.

Kiboko akakimbia mtoni, akarudi na maji mdomo mzima, akayamwaga, pwaaa! Udongo ukatulia na kushikamana, ukawa uwanja laini, tambarare, mtu angetamani kutandika mkeka alale. Wale wakubwa wakaaga kwa heshima, wakaondoka kinyumenyume mpaka walipolipita geti, kisha wakatimua mbio.

Mvua zilipoanza, kijumba kilikuwa kimesimama: kuta za fito, paa la nyasi, na mlango ambao hata Mama Siwema aliingia kwa kuinama. Ndani Siwema anapika ugali wa mchanga, Chande analalamikia mboga. Kicheko chao kikasikika mpaka mtoni.

Kiboko akakisikia. Akaja, tifu! tifu!, amefuatana na Tembo na Kifaru, uso ameukunja.

"Mama Siwema! Watoto wanacheza juu ya kaburi?"

"Kaburi gani, Bwana Kiboko? Si tulilifukia tupu?"

Kiboko akatazama uwanja. Akatazama kijumba, jinsi kilivyoenea pale pale, sawasawa. Ukweli ukaanza kumwingia, polepole kama maji kwenye mtungi uliopasuka.

"Hebu niambie," akasema, pua zimemtuna. "Huyu Mpululu. Huyu Mzee Mpululu hasa, alikuwa nani?"

Watoto wakaacha kucheka. Chande akajificha nyuma ya dada yake. Mama Siwema akasimama mlangoni mwa kijumba kwa miguu yake ile ya mishikaki, akamwinulia Kiboko macho.

"Bwana Kiboko, waniuliza mimi? Si wewe uliyebebwa mgongoni?"

Kiboko akafumbua mdomo. Kama mnalijua pango, basi ndilo lile! Ukakaa wazi. Maana akisema Mpululu hayupo, ni nani aliyemlea? Na yale machozi aliyalia nini, mbele ya kijiji kizima? Akamgeukia Tembo. Tembo alikuwa anatazama mawingu, kama ameanza kuyahesabu. Akamgeukia Kifaru. Kifaru alikuwa ameanza kuzungumza na ukuta.

Tembo akakohoa.

"Marehemu," akasema, "alipenda sana watoto."

"Sana," akasema Kifaru.

Kiboko akafumba mdomo, akameza mate, gulu!

"Sana," akasema.

Akageuka akashika njia ya mtoni, na safari hii hakukanyaga ovyo. Aliuzunguka ua kwa mbali, mguu mmoja mmoja, anatazama chini. Watoto wakarudi kwenye ugali wao. Na jioni, mume wa Mama Siwema alipokuwa anakula, alisukuma sahani yake pembeni akashusha pumzi ndefu.

"Mke wangu," akasema, "wazee kama Mpululu hawazaliwi tena."

Basi watoto wazuri, aonaye haya kusema "sijui" atalia hata kwenye msiba usio na maiti.