Paa la Chumba cha Mkunga

Wahenga walituachia neno fupi: kawia ufike. Hawakuwa wakiusifu uvivu. Walimaanisha kwamba anayechelewa njiani akafika mzima amemshinda anayekimbia akaanguka kabla ya mlango. Fundi mwashi mmoja alilijua neno hilo mdomoni tu, mpaka baridi ilipomfundisha.

Watu walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Alifanya kazi na kaka yake mkubwa, mtu asiye na papara. Wakati huo walikuwa wakimjengea mkunga chumba cha akina mama kujifungulia, ubavuni mwa nyumba yake. Kuta zilikuwa zimesimama. Zege la paa na la kibaraza cha mbele, yaani kipaa cha kukinga mlango, lilikuwa limemwagwa, na chini yake miti na mbao zililishikilia hadi likomae. Chapuchapu alikuwa ameahidi kwamba mwisho wa juma miti ingekuwa imetoka.

Hapo ndipo ilipoingia baridi ya kupenya mifupa. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Nyumbani mafuta ya kupikia yaliganda chupani, na suruali iliyolala kambani ikakauka kama ubao, ungeweza kuiegemeza ukutani ikasimama bila mwenyewe. Kufuli la stoo lilikataa ufunguo. Hata rangi waliyoupaka mlango ilibaki ikinata vidoleni.

Kaka alipanda juu ya paa, akalikwaruza zege kwa msumari. Msumari ukachora mstari bila taabu.

"Mdogo wangu, hili bado bichi," alisema. "Zege nalo huona baridi. Siku za joto lingekuwa limeshakaza. Tena maji yaliyomo yakiganda yatavimba na kulipasua kwa ndani. Tulifunike, tungoje."

"Tungoje mpaka lini? Nimeshatoa ahadi."

"Mpaka likaze."

"Wewe kaka, ukiachiwa, hata chai utaingoja ikomae."

Kaka alicheka, ila hakulegeza kamba. Wakalifunika paa kwa magunia na nyasi kavu. Nyasi hazikufika kibarazani, kwa hiyo kesho yake kaka akaenda kutafuta nyingine.

Chapuchapu akabaki peke yake na ahadi yake. Alijiambia kwamba kibaraza ni kidogo, hakiwezi kuwa na makuu. Akachukua nyundo, akaugonga mti wa kwanza, ukatoka. Wa pili nao ukatoka. Alipouinamia wa tatu, alisikia juu yake sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Akaruka nyuma. Kona nzima ya kibaraza ikaporomoka pale pale alipokuwa amesimama, ikalibonda toroli likawa bapa.

Kaka aliporudi alimkuta amekaa chini, mweupe kwa vumbi. Alimshika mabega, akamtazama kichwa hadi miguu.

"U mzima?"

"Mzima, kaka."

"Basi inuka. Turudishe miti kabla upande wa pili haujafuata."

Walipomaliza, Chapuchapu alikwenda kumkabili mkunga. Alikuwa amejiandaa kwa matusi.

"Mama, nimeharibu. Nilitoa miti mapema, kibaraza kimeanguka."

Mkunga aliweka chini kitambaa alichokuwa akikunja. "Umeumia?"

"Hapana."

"Nani alikuharakisha?"

"Nilikuwa nimekuahidi," alisema Chapuchapu.

"Ungenigongea mlango ukaniambia zege halijawa tayari. Fundi, kazi yangu mimi ni kungoja. Mwanamke akianza kusukuma kabla ya wakati, mimi ndiye ninayemwambia atulie. Unadhani nisingekuelewa wewe?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Hakuna aliyekuwa amemsukuma. Alijisukuma mwenyewe, ili jina lake lisichuje.

Ndugu hao walikivunja kibaraza chote wakaanza upya, safari hii wakikoroga saruji kwa maji ya vuguvugu na kufunika kila jioni. Wapita njia waliona miti bado imesimama wakatania, "Chapuchapu siku hizi ni Polepole." Aliitikia salamu zao akaendelea na kazi. Siku ambayo kaka mwenyewe alichoka kungoja, akasema labda sasa inatosha, ni Chapuchapu aliyekataa. "Tulipe zege muda kidogo, kaka."

Jua liliporudi kuwa kali, miti ilitolewa mmoja mmoja. Paa halikutikisika, kibaraza hakikutoa hata ufa. Muda si mrefu mama mmoja aliletwa na uchungu, mvua ikimwagika, na mtoto akalia ndani ya chumba kikavu. Kabla ya kilio hicho, nje, chini ya kibaraza, baba wa mtoto alikuwa akizunguka huku na huko, akiuliza mbona wanakawia. Chapuchapu, aliyekuwa amejikinga mvua hapo hapo, alimvutia kiti.

"Kaa, ndugu yangu," alimwambia. "Kawia ufike."