Miaka Kumi na Mmoja ya Kumgeuza Mama

Sogeeni, na anayetaka cha kuchekesha akakitafute kwingine. Kule Upareni, Mama Nakunda alikuwa na watoto watatu. Mbonea, kifungua mimba, alikuwa na mshahara mzuri na roho ya kutoa. Namsifu alikuwa nesi mwenye jicho kali. Kitinda mimba Nakijwa, mpishi wa shule ya bweni, alijaliwa mgongo usiochoka.

Mama akapatwa na kiharusi, akalala asiinuke tena.

Mbonea akabeba dawa zote. Mwaka wa tatu akauza kiwanja chake, na nyumba aliyoota kuijenga ikaishia hapo. Bila dawa zile, mama angekufa.

Namsifu akawa anapanda mlima kila mwisho wa juma kumpima. Mara mbili aliuona mdomo umepinda kidogo tu, akamkimbiza hospitali. Bila jicho lile, mama angekufa.

Nakijwa akaacha kazi, maana lazima mmoja aache, na mwenye mshahara mdogo ndiye huambiwa. Kila baada ya saa mbili alimgeuza mama, usiku na mchana, miaka kumi na mmoja. Bila mgongo ule, vidonda vingemmaliza mama. Daktari alipoona mama hana kidonda hata kimoja, alimpongeza Namsifu, nesi. Nakijwa lilimuuma.

Mama akafa, akaacha neno: shamba la tangawizi apewe aliyemweka hai. Mbonea akasema ni lake. Namsifu naye akasema ni lake. Nakijwa, mgongo umeshakwisha, akashuka kwanza mjini kuulizia pensheni yake. Karani akapekua, akamwambia michango ilikatika kabla muda haujatimia, hana chake.

"Miaka hii kumi na mmoja ulikuwa unafanya nini, mama?"

"Nilikuwa namgeuza mama yangu."

Karani akaandika: *Hakuwa na kazi*.

Akarudi nayo karatasi ile, akawawekea nduguze mezani. Mbonea akaisoma bila haya.

"Si ndiyo ukweli, Nakijwa? Ulikuwa nyumbani tu."

Namsifu, ambaye kwa kugeuza wagonjwa wa watu atalipwa pensheni, akatazama sakafu.

Haya, waamuzi. Angekosekana mmoja tu, mama asingefika miaka ile. Shamba ni moja, nao ni watatu. Je, wewe ungempa nani? Na kalamu ya yule karani ingekuwa mkononi mwako, ungeandika nini?