Mdeki wa Kihwelo

Mpiga mbwa arudipo, kesho atamwita bure. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia baba yenu maneno hayo asubuhi hii, na baba yenu akajifanya hana masikio. Mnauliza yametoka wapi. Kaeni basi niwaambie. Yalianzia kijiji cha Kinyasungu, kule kwenye mabwawa ya matete, na kila nikiyasimulia damu hunichemka.

Kinyasungu alikuwako mjane mmoja, Koleta, ambaye kazi yake ilikuwa kufunza mbwa wa kuokotea ndege. Mwindaji akiangusha kanga vichakani au bata majini, mbwa wa namna hiyo huenda, humchukua mdomoni, na humleta bila kumtia jino.

Mbwa wake wa mwisho aliitwa Watasema. Alipokuwa mdogo Koleta alimrushia gunzi la mahindi lililofungwa manyoya ya kanga, kwanza uani, kisha kwenye majani marefu. Kila alipolileta, Koleta alipiga magoti, akafungua mikono, akalipokea na kumpa kipande cha ukoko. Kisha akamhamishia majini. Gunzi huelea, ndiyo maana watu wa huko hulifunga hata kwenye ncha ya kamba ya mtumbwi, kamba ikiponyoka isizame. Lakini Watasema aliyaogopa maji mno. Koleta hakumsukuma. Aliingia yeye mwenyewe, akasimama maji yakimfika kiunoni, akawa anamwita kwa upole mpaka mbwa akamfuata. Majirani walicheka wakasema mjane amepata mume wa miguu minne.

Jambo moja hakulifanya kamwe. Mbwa akirudi bila kitu, au akirudi amechelewa, au hata akileta kiatu cha mtu badala ya ndege, alipokewa kwa mikono miwili. "Akishafika kwangu, kosa limekwisha," Koleta alisema.

Wafunzaji wote wa Kinyasungu walilijua hilo, na likazaa desturi. Mbwa hauzwi, huazimwa kwa msimu mzima. Anayeazima huacha fimbo yake mlangoni kwa mfunzaji, na haichukui mpaka amrudishe mbwa. Fimbo ikilala mlangoni, mwenye mbwa naye hulala usingizi.

Mwaka huo aliyekuja kuazima alikuwa Kihwelo, binamu ya marehemu mume wa Koleta na mwenye gobori pekee kijijini. Alikuwa mtu wa kupenda kutazamwa. Aliegemeza fimbo yake mlangoni mbele ya watu, akaondoka na Watasema, na bunduki begani.

Siku hiyo hiyo Kihwelo alikuwa na wageni, na alitaka waone mambo. Akapiga bata, bata akaangukia matete mazito. Watasema alikawia. Alipotokea, bata alikuwa na bawa moja, kwa kuwa lingine lilikatwa na risasi. Wageni wakacheka. Kihwelo akaona amefedheheka, na badala ya kujilaumu kwa shabaha yake mbovu, akauchomoa mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti. Watasema akafika na ndege mdomoni, mkia ukicheza, akaunyoosha mdomo kwenye mkono wa mtu. Kihwelo akampiga. Alimpiga ndege akiwa bado mdomoni! Niambieni, huyo ni mtu?

Jioni Watasema alitoroka akaja kwa Koleta, mgongo umevimba. Koleta alimkanda kwa maji ya chumvi huku machozi yanamtoka, kisha akaenda moja kwa moja kwa Mzee Wilbrodi, mkubwa wa wawindaji. Kihwelo akaitwa mbele ya wazee.

"Shemeji, umempiga mbwa wangu," Koleta alisema.

"Fimbo yangu iko wapi, shemeji?" Kihwelo akauliza.

"Iko mlangoni kwangu."

"Basi nimempiga kwa fimbo gani? Mzee, desturi yasema fimbo. Mimi fimbo nimeiacha. Mdeki ni kitu cha bunduki."

Wazee walitazamana. Wengine, aibu yao, walitabasamu. Nyama ya bata kutoka kwa Kihwelo ilikuwa bado tumboni mwao. Mzee Wilbrodi akakohoa akasema, "Mwanangu Koleta, fimbo kweli ameiacha. Na msimu haujaisha. Mrudishie mbwa."

Koleta akainuka. "Mnalinda fimbo au mnalinda mgongo?" aliuliza. Usiku kucha aliwaza kumficha Watasema, lakini aliyevunja azima Kinyasungu hakupewa mbwa wala chakula na mtu. Asubuhi akampeleka mwenyewe, kisha akawafuata kwa nyuma mpaka ukingoni mwa bwawa. Mzee Wilbrodi naye alikuja, pengine kwa kusutwa na moyo.

Kihwelo alikuwa ndani ya mtumbwi. Akapiga bata, Watasema akaruka kutoka mtumbwini akamchukua. Kisha akaogelea kurudi, na alipobakiza hatua chache akasimama. Akazunguka mtumbwi, ndege mdomoni, asikaribie. Kihwelo akamwita, kisha akamtukana. Mbwa akapanda kisiwa kidogo cha matete. Kihwelo akamfuata kwa kasia, akauchomoa mdeki, akaruka nchi kavu kumkimbiza. Kuruka kule kukausukuma mtumbwi nyuma, nao ukaanza kwenda na maji, kamba ikiburuta.

Bwawa lile lilikuwa na mamba. Kihwelo alikumbuka hayo alipogeuka akaona maji matupu.

"Watasema!" aliita, sauti imekuwa laini kama ya mama. "Gunzi! Lete, baba, lete!"

Na Watasema, kwa sababu alifunzwa vizuri na mtu mwema, alimwacha bata akaingia majini. Akaliuma gunzi la ncha ya kamba, akaanza kuuvuta mtumbwi kuelekea kwa mtu yule yule aliyemvimbisha mgongo. Alifika mpaka maji ya magotini. Kihwelo akanyoosha mkono kupokea. Mkononi mlikuwa na mdeki, alisahau kuuweka chini.

Mbwa akautazama. Akageuka na kamba yake, akaogelea kwenda ng'ambo, ukingoni aliposimama Koleta.

"Watasema! Rudi! Rudi, mwanangu!" Kihwelo alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Mzee Wilbrodi alitikisa kichwa. "Mpiga mbwa arudipo," alisema, "kesho atamwita bure."

"Hilo ungelisema jana, baba," Koleta akamjibu, na mzee akainamisha uso.

Kihwelo akauvurumisha mdeki katikati ya bwawa bila kuambiwa, na tangu siku hiyo gobori lake likawa gogo. Koleta mwenyewe ndiye aliyepiga kasia kwenda kumchukua. Tangu hapo, Kinyasungu, anayeazima mbwa huja mikono mitupu na huondoka naye mikono mitupu, hana cha kumpigia.

Mnafurahi? Msifurahi. Sijawaambia Watasema alipofika ukingoni. Koleta alipiga magoti, akafungua mikono kama siku zote. Mbwa aliiachia kamba hatua tatu mbele yake, akakaa hapo, akitetemeka, akimtazama mikono. Aliishi miaka mingi, akaleta ndege wengi wa majini na wa nchi kavu, lakini hakumpa tena mtu yeyote mkononi, hata yeye Koleta. Aliyepiga alikuwa mmoja, na adhabu ikawaangukia wote.

Sasa tazameni pale. Kaka yenu Edgari alipoteza ndama, akakimbilia kwa mjomba, na leo amejileta mwenyewe kwa miguu yake. Amesimama langoni. Na baba yenu amesimama mlangoni, na ile fimbo hajaiweka chini. Nendeni mkamwambie, na mkiogopa semeni mmetumwa na mimi mama yake: mpiga mbwa arudipo, kesho atamwita bure.