Mgeni Yuko Mezani, Anayelia ni Nani?

Akina mama, somo la kumpokea mgeni tumelisikia likisomwa, na nimewaona mkitikisa vichwa kwa kukubali. Kutikisa kichwa ni kazi nyepesi. Sasa nipeni masikio kidogo niwaeleze habari ya mama mmoja na kompyuta yake. Msicheke. Kwenye maduka yale nimekaa sana nikisubiri kuchapiwa mambo ya misiba na harusi, na mashine zao nimezitazama vya kutosha.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye steshenari karibu na zahanati. Alitoa kopi, alichapa barua za kuomba kazi, alichapa kadi za michango. Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa wasifu wa marehemu. Mtaa ule hakuzikwa mtu ambaye maisha yake hayakupita kwanza kwenye vidole vya yule mama. Kompyuta yake aliifunika kitambaa cha kufuma chenye maua ya bluu, kama vile mnavyofunika makochi yenu. Asubuhi akifungua duka anakunja kitambaa kwanza, ndipo anaitikia salamu ya mteja.

Mashine ilikuwa imezeeka. Ukitaka iweke picha, unakwenda kununua maandazi, unarudi, yenyewe bado inafikiri. Akamwita fundi. Fundi akaichungulia, akasema, "Mama, mashine yako haina ugonjwa. Memori yake ni ndogo tu. Humu ndani kuna kijibao kimoja, na pembeni yake kuna nafasi tupu. Tukiongeza cha pili, itakimbia."

Mama akakubali. Fundi akaja asubuhi na kijibao kipya. Akafungua ubavu wa mashine, akakibana kile kipya pembeni ya kile cha zamani, akafunga, akawasha.

Taa ikawaka. Feni ikazunguka. Lakini kioo kikabaki cheusi, na mashine ikaanza kulia, pii, pii, pii, kama kifaranga kilichoachwa nje.

Siku nyingine yule mama angesema tungoje kesho. Siku hiyo haikuwezekana. Kwenye benchi la duka alikuwa amekaa mwanamke aliyejifunga khanga kiunoni, macho yamevimba. Wifi yake, mke wa kaka yake, amefariki, na maziko ni saa nane mchana huohuo. Wasifu ulikuwa umechapwa tangu jana. Ulikuwa ndani ya mashine, unangoja kuwekewa picha na kutolewa kwenye karatasi.

Na mnajua wasifu unavyopatikana. Wazee wanakaa, wanabishana nani alizaliwa kabla ya nani, bibi mzaa mama aliitwa nani, yule mtoto aliyekufa mchanga atajwe au asitajwe. Wakishakubaliana hawataki kuulizwa tena. Na ile karatasi waliyoandika kwa mkono, jikoni msibani walikuwa wameshaitumia kuwashia moto. Marehemu mwenyewe aliolewa kutoka mbali, na watu wa kwao walikuwa njiani. Wafike wakute binti yao anashushwa kaburini bila kusomwa, kama mtu aliyeokotwa barabarani? Nyinyi mngewatazama usoni?

Basi mwenye duka akamgeukia fundi.

"Kabla hujaniletea hicho kidude chako, mashine yangu ilikuwa inawaka."

"Kweli, Mama. Ilikuwa inawaka."

"Basi kitoe."

Fundi akafungua tena, akakitoa kile kipya, akakilaza mezani juu ya karatasi. Akawasha. Pii, pii, pii.

"Umekitoa chote?"

"Mama, hakina mizizi."

"Basi kimeacha ugonjwa humo ndani."

Fundi akabadilisha waya wa umeme. Akatoa kijibao kingine kipya kwenye mkoba, akajaribu hicho. Akaipanguza vumbi feni kwa brashi. Mlio ukawa uleule. Akajifuta jasho, akanyoosha mkono kwenye kile kijibao cha zamani.

Mama akamshika mkono. "Hicho usikiguse, baba. Hicho nilinunua pamoja na mashine. Hakijawahi kunisumbua hata siku moja. Wewe umeshaona wapi mwenye nyumba akahojiwa, na mgeni yupo?"

Hapo msimcheke. Alisema tulivyolelewa. Nyumbani kwetu kitu kikipotea, begi gani hufunguliwa kwanza? Mpaka leo naisikia sauti ya shangazi yangu, kisu cha jikoni kisipoonekana: "Kwani nani amelala hapa jana?" Halafu kisu kinakutwa kwenye beseni lake mwenyewe, chini ya majani ya maboga. Na aliyelala jana ameshaondoka na uchungu wake.

Fundi akarudisha mkono. Alikuwa mtu wa adabu, na duka si lake. Akasema, "Mama, mimi nimefika mwisho wa ninapoweza kugusa." Akaanza kukusanya vyombo vyake. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa tano.

Ndipo yule mfiwa kwenye benchi akafungua mdomo. Hakupandisha sauti, sauti yenyewe ilikuwa imekwisha kwa kulia.

"Dada, mimi mashine sizijui. Lakini mgeni wako yuko hapo mezani, amelala kwenye karatasi. Ametolewa, na mlio bado upo. Sasa anayelia humo ndani ni nani?"

Mwenye duka akamtazama. Akatazama meza. Akasogea kando ya mashine, akamwambia fundi, "Haya. Kiangalie."

Fundi akamulika kwa tochi ya simu, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Akacheka kidogo peke yake.

"Kimetoka upande mmoja."

"Kimetokaje, mbona nakiona kimekaa?"

"Kukaa kimekaa, Mama. Hakijashika. Njoo utazame hapa, pameinuka unene wa ukucha tu. Nilipokuwa nabana kile kipya, hiki kikasukumwa kidogo. Hakikudondoka, kwa hiyo hakuna aliyejua."

Akakichomoa. Meno yake, yale ya rangi ya dhahabu, yalikuwa yamefifia kwa kukaa miaka bila kuguswa. Fundi akaomba kifutio cha penseli, akayasugua taratibu mpaka yakang'aa. Akakirudisha, akabonyeza kwa vidole gumba vyote viwili, na vishikizo vikalia ta, upande huu, ta, upande wa pili. Akawasha. Mashine ikalia mara moja tu, kwa kifupi, kama mtu anayeitika jina lake, na kioo kikajaa mwanga.

Mfiwa akasema, "Na mgeni?"

Mwenye duka akakiokota kile kijibao kipya mezani kwa mkono wake mwenyewe, akakipuliza vumbi, akampa fundi. Kikawekwa. Vikakaa pamoja, cha zamani na kipya. Picha ya marehemu, ile ambayo jana iligoma kutwa nzima, ikafunguka kabla yule mama hajamaliza kuvuta kiti. Saa nane ndugu wa mbali walikuwa wamesimama kando ya kaburi, na binti yao akasomwa tangu bibi mzaa mama mpaka mtoto yule mchanga.

Mfano wangu umeishia kaburini. Sasa nawageukia nyinyi, na mimi nikiwa mmoja wenu.

Zilipojengwa zile nyumba mpya nyuma ya kiwanda cha mbao, walikuja akina mama kusali nasi. Siwataji, mnawajua. Walikuja na ngoma yao, na nyimbo tusizozijua, na ule mtindo wao wa kuanza saa tisa ikiwa ni saa tisa. Haikuchukua muda tukaanza kuambiana kisimani na sokoni: tangu waje wale, umoja wetu umepoa. Nani hapa hajalisikia neno hilo? Nani hajalisema?

Hatukuwafukuza, hapana. Sisi ni watu wa dini. Tuliacha tu kuwabakizia nafasi kwenye mkeka. Wakaelewa. Mkeka leo umejaa sisi kwa sisi, kama zamani tulivyotaka.

Haya, je, tumewaka?

Taa yetu inawaka, nakubali. Feni inazunguka. Sare tumevaa, tunaimba, tunapika chai. Lakini yule mzee wa bondeni ameugua tangu mvua zianze, na kuni alizokokea moto jana alipelekewa na nani? Si na mmoja wetu. Nimeuliza. Wawili hapa mbele yangu, nyumba zenu zinapakana, na tangu mavuno hampeani hata chumvi. Wageni wako mezani, wamelala kwenye karatasi, na mlio bado tunausikia. Anayelia humu ndani ni nani?

Ni sisi tuliozoea kukaa. Ukitutazama kwa macho tumekaa, tena mstari wa mbele. Tulisukumwa kidogo tu siku ile walipoingia, mwimbishaji akaombwa ampishe mwenzake wimbo mmoja, mpika chai akaonyeshwa namna nyingine ya kupima majani, na hapohapo tukainuka unene wa ukucha. Hatukudondoka. Kama tungedondoka, mtu angetuokota.

Kwa hiyo nisikieni. Tukitoka hapa, kabla ya kupanga zamu ya kufagia, kila mmoja asugue meno yake, huko kwake na Mungu wake, na wale wawili majirani wapelekeane chumvi. Halafu watatu wetu wavuke barabara na lile daraja, waende nyuma ya kiwanda cha mbao. Mimi ni mmoja wa hao watatu, nani atanishika mkono kwenye daraja?

Na tukifika huko, asitokee mtu akawaambia tumewasamehe. Hawakukosa kitu. Tuwaambie nafasi yao ipo, na kwamba safari hii watatukuta tumeshika.