Mkarafuu wa Kisimani

Atafunaye ameze, anong'onaye amalize. Hadithi haimngoji mtu.

Palikuwa na Bi Mize, mjane wa Pemba, ulimi mkali kama pilipili kichaa, na watu watatu asiopatana na hata mmoja. Time, mke mwenziwe. Mume wao marehemu aliwaachia kaburi moja la kulilia na chuki mbili. Time huyo hatupi kitu jaani, hata karatasi ya sabuni. Faki, kaka yake Bi Mize, mbishi: akikaa mahali, haondoki ila atake mwenyewe. Na Shaame, mtoto wa mdogo wake, aliyesoma mpaka anasoma na maandishi ya chupa ya dawa.

Mwaka mmoja mikarafuu ilizaa hata matawi yakakatika. Bi Mize akenda kituoni kuuza, na wale watatu, kwa uvivu wa foleni, wakampa zao. "Changanya na zako, tutagawana." Zikapimwa zote kwa jina lake. Pesa wakagawana, jina likabaki la mmoja.

Mwaka wa pili, patupu. Mkarafuu ndivyo ulivyo: ukikupa leo, kesho unakutazama tu. Serikali ikatangaza fedha za nafuu kwa nyumba zenye mapato madogo. Makuti ya Bi Mize yalikuwa yameoza juu ya kitanda, na masika yako njiani. Akenda kwa sheha, mkuu wa mtaa, mwenye orodha.

"Bi Mize, wewe tajiri."

"Tajiri? Nalala na sufuria ubavuni kukingia mvua!"

"Wanatazama mapato ya mwaka jana. Umeuza karafuu za kijiji kizima."

Akatoka amevimba, akaapa mbele ya majirani: "Atakayeniingiza kwenye orodha ile, mkarafuu wangu wa kisimani ni wake!" Na mti ule, hata mwaka mbaya, haukosi kutoa pishi mbili.

Shaame akaichukua karatasi ya masharti aliyopewa Bi Mize na sheha, akaigeuza nyuma, pasipotazamwa na mtu. Akasoma: aliyepungukiwa mwaka huu aweza kuomba apimwe kwa mwaka huu, kabla mwezi haujaisha, na awe na ushahidi. "Ushahidi unao, mama mkubwa?" Hana.

Time akaja bila salamu, akabwaga mkebe wa maziwa jamvini. Ndani mna stakabadhi ya Bi Mize ya karafuu alizouza mwaka huu: pishi mbili tu. "Uliitupa jaani. Nikaiokota, nikijua iko siku utaililia."

Likabaki sharti la sheha kwenda kuiona mikarafuu kwa macho yake, naye kila siku ana wageni. Faki akatandika mkeka barazani kwa sheha. Siku tatu anakunywa uji pale, anatafuna tambuu pale, mpaka mke wa sheha akapiga kelele: "Nenda katazame miti ya watu, nipate baraza yangu!" Sheha akenda, akaona, akatia sahihi.

Fedha zikatoka, bati zikapanda. Mvua kubwa ya kwanza Bi Mize alilala mkavu. Asubuhi, watatu mlangoni.

"Bila macho yangu, ungejua mlango uko wapi?" akasema Shaame.

"Na bila mkebe wangu, ungeufungua kwa kucha?" akasema Time.

"Mlango ulikuwa umekaliwa na sheha," akasema Faki. "Nani alimwinua?"

Bi Mize akashika kiuno. "Kabla hamjaupasua mti wangu, niambieni: nani walinibebesha karafuu zao nikaitwa tajiri?"

Time akadakia. "Hukuapa kumpa asiye na kosa, mwenzangu. Uliapa kumpa atakayekuingiza."

"Na mwakani ukizaa," Shaame akanong'ona, "mwenye mti ndiye atakayefutwa orodhani."

"Nifutwe!" akasema Faki. "Nipeni nife nao huo utajiri."

Kiapo kiko shingoni mwa Bi Mize, bati ziko juu, watatu hawabanduki.

Haya, nyinyi mafundi wa kuamua ugomvi usio wenu: ampe mwenye macho, mwenye mkebe, au mwenye makalio yasiyochoka? Au awafungie mlango wote, abaki na mti wake na dhambi yake? Je, wewe ungeamua vipi?