Sahani ya Gwakisa

Sogeeni karibu, na yule mnayemwamini kwa hukumu ya haki asijifiche nyuma. Nina kesi mkononi, imewashinda wenyewe.

Palikuwa na watu watatu mjini Tukuyu, kule ambako mvua ikishika, watu husahau rangi ya mbingu. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake, na kila mmoja aliishi peke yake.

Wa kwanza aliitwa Lusekelo, na kipaji chake kilikuwa sauti. Alikuwa mtafsiri katika kibanda cha video jirani na soko. Filamu ya Wamarekani au Wahindi ikianza, alishika kipaza sauti akaitia Kiswahili, yeye huyo huyo akiwa jambazi, polisi, bibi harusi na hata mbwa. Akirudi nyumbani hakuwa na mtu wa kumwambia "nimefika."

Wa pili ni Ipyana, na kipaji chake kilikuwa jicho. Alipiga video za harusi, na mtu mbaya wa sura alitoka mzuri kwenye kamera yake. Mchumba wake alipoolewa na mwingine, aliyeitwa kupiga harusi ile ni Ipyana. Akaenda, akaipiga vizuri.

Wa tatu ni Atupele, na kipaji chake kilikuwa mwili. Aliweza kutembea kama mtu yeyote. Akimwigiza mchungaji, mchungaji mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Mumewe alimrudisha kwao kwa kukosa mtoto. Alikuta wazazi wameshazikwa, akapanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga.

Sasa, ng'ambo ya ua wa Lusekelo alikaa mama mmoja, Subilaga. Binti zake waliolewa mbali, na mwanawe wa kiume, Gwakisa, alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha akanyamaza kimya. Kila mchana mama huyu alipakua sahani mbili za ndizi na maharage. Moja alikula, nyingine aliifunika. Jioni ikikaribia, alimwita Lusekelo juu ya ua.

"Baba, njoo ule. Cha Gwakisa kimepoa."

Lusekelo alikwenda, akala chakula cha mtu asiyekuwepo. Hawakuzungumza sana. Lakini siku nzima yeye aliingojea sauti ile.

Siku moja kibandani, katikati ya milipuko na magari kupinduka, alitokea kwenye skrini mzee akitazama dirishani. Hakusema neno. Lusekelo naye akanyamaza. Watu wakapiga miluzi: "Mtafsiri kalala?" Pale pale akapata wazo la filamu isiyohitaji mtafsiri. Mwanamke anapika, anapakua sahani mbili, anangoja, anafunika moja. Basi. Hakuna bunduki, hakuna busu, wala hakuna anayesema neno. Alipanga mwenyewe kipi kitangulie kipi kifuate, mpaka mtazamaji ajue ile sahani ni ya nani bila kuambiwa.

Akaenda kumwomba Subilaga. Mama akafikiri, akasema, "Nyumba chukueni. Uso wangu niachieni mwenyewe."

Ndipo akatafutwa Atupele. Msimu mzima wa masika alishinda jikoni kwa Subilaga akijifunza: namna anavyoshika kiuno akiinuka, namna anavyosikiliza njiani kabla ya kufunika sahani. Alianza kumwita mama bila mtu kumwambia. Siku ya kupiga picha alivaa kitenge cha Subilaga, akaketi kwenye kigoda chake, na Subilaga aliyekuwa akichungulia mlangoni akaondoka taratibu. Hakuweza kujitazama.

Ipyana naye aliziacha harusi za msimu ule, na wateja wake wakahamia kwa mpiga picha mwingine. Alisubiri ukungu ukae sawasawa juu ya migomba, alisubiri mwanga uingie jikoni. Aliweka kamera mahali pamoja akaiacha. "Nikiisogeza," alisema, "mama atajua kuna mtu amekuja."

Wakaipeleka Dar es Salaam kwa msambazaji wa filamu.

"Kuna mapigano?" akauliza.

"Hakuna," Lusekelo akajibu.

"Mapenzi?"

"Yapo. Ila anayependwa hayupo."

"Inaishaje?"

"Anafunika sahani."

Msambazaji akawarudishia. "Hata Hollywood, wenye fedha za kuchezea, hawatengenezi kitu hiki. Mtu ana upweke wake nyumbani, atoke aje kutazama wa mwenzake?"

Walipoionyesha kibandani watu walitoka mmoja mmoja. Lusekelo akakata tamaa, akarudi kwa majambazi wake. Atupele akarudi chumbani kwake. Ni Ipyana peke yake aliyekataa kuizika. Akaiweka mtandaoni, akawa anawatumia watu wasiomjua, wengi wasimjibu.

Ikapita mvua, likapita jua. Alasiri moja Lusekelo alikuwa uani akiingojea sauti ya jirani. Haikuja. Badala yake alisikia kilio, akaruka ua. Alimkuta Subilaga amemshika mwanamume mtu mzima kichwani kwa mikono miwili, kama anayepima tikiti. Kando alisimama mwanamke mgeni, Zodwa, mwenye mimba kubwa. Na mezani sahani ya pili ilikuwa wazi, inaliwa.

Lusekelo alisalimia, akafurahi, akarudi kwake akachemsha chai. Jioni ile hakuitwa. Na jioni nyingine pia. Atupele alipopita kumjulia hali mama, aliwakuta wanacheka ndani, akageuza njia.

Zodwa akajifungua mtoto wa kike. Hapo Gwakisa akawaita wote watatu, akasema, "Niliaibika kurudi mikono mitupu, mwisho nikaogopa hata kupiga simu. Mwenzangu kazini Durban akanionyesha filamu kwenye simu. Mwanangu nitamwita jina la aliyenirudisha."

"Kipi kilikurudisha?" Ipyana akauliza.

"Kwanza niliona ukungu na migomba, nikajua ni kwetu. Halafu nikaona mwanamke anasikiliza njiani, nikajua ni mama, ingawa uso si wake. Halafu sahani ikafunikwa, nikajua ni yangu. Kimojawapo kingekosekana, nisingepanda basi."

Ipyana akasema, "Wenzangu waliiacha ife. Nisingeituma mimi, ungeionea wapi? Nami kwenye picha zote za mji huu simo."

Atupele akasema kwa sauti ndogo, "Ninyi mlifanya kazi, mkaenda makwenu. Mimi niliubeba uchungu wa mama mwilini. Na sina mtoto wa kulirithisha jina langu, hilo mnalijua."

Lusekelo, mtu wa sauti zote, akakosa ya kutumia. "Mimi ndiye niliyeiona sahani," alisema hatimaye. "Wengine waliona chakula. Na nilijua, siku filamu ikifanya kazi yake, sahani ile sitaila tena."

Mtu akashauri mtoto apewe yote matatu, kwa kuwa majina ya kwao, Lusekelo, Ipyana na Atupele, hayabagui mvulana wala msichana. Subilaga akakataa. "Mtoto huitikia moja. Mengine hukaa kwenye makaratasi. Na langu msilitaje, tayari lina wajukuu kwa binti zangu."

Mtoto alikuwa mapajani mwa Zodwa, amelala. Lusekelo alijikuta akilisikia jina lake, mtoto akiitwa kwalo uani asubuhi: njoo unawe, njoo ule. Akawatazama wenzake wawili, akaona nao wanasikiliza kitu.

Mpaka naondoka pale, mtoto alikuwa bado anaitwa "mtoto." Nimeileta kesi kwenu. Mwenye wazo, mwenye jicho, mwenye mwili: ungekuwa wewe Gwakisa, ungemwita mwanao nani?