Mwiba Uliotumbua Jipu

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona sauti zimechoka kama za wagonjwa kwenye foleni? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Naam, hivyo. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema kama mimi na wewe, Nungunungu aliishi na mwanawe mdogo, Kisumari. Nchi yao ilikuwa na hospitali moja tu, ya wote, na mganga wake alikuwa Kobe. Kobe aliijua kazi. Lakini mganga hatibu kwa kujua peke yake.

Kila baada ya mavuno, Ngedere, mkusanyaji wa mfalme, alipita mlango kwa mlango. "Michango ya hospitali! Michango!" Mbuni akatoa manyoya ya kujaza magodoro. Nyuki wakatoa asali ya kupaka vidonda. Nungunungu akang'oa miiba, iwe sindano.

Mwaka wa kwanza alitoa michache. Mwaka wa pili akatoa mingi. Mwaka wa tatu Ngedere akamwambia, "Toa yote, mama, wagonjwa wamezidi." Akang'oa yote, machozi yakimtoka, akabaki na mgongo laini kama wa panya.

Mwaka huohuo Kisumari akaota jipu kooni. Hakula, hakunywa, hata kulia hakuweza. Siku ya tatu mama yake akambeba mgongoni. Ndiyo, mgongoni! Miiba ingekuwapo angembebaje? Akakimbia naye hospitali.

Akakuta wagonjwa watatu kwenye kitanda kimoja, na kitanda chenyewe hakina godoro. Kobe akamtazama mtoto, akatikisa kichwa.

"Jipu hili lisipotumbuliwa kabla ya jua kuzama, litamziba pumzi. Na sindano sina."

"Huna sindano? Na miiba yangu?"

"Mama Kisumari, tangu nianze kazi hapa sijapokea hata mwiba mmoja. Asali sijaiona. Kila nikiuliza naambiwa iko njiani."

Njiani! Njia gani hiyo ya miaka mitatu? Nungunungu alipandwa na hasira mpaka masikio yakamwaka moto. Akatoka na mwanawe mgongoni, akaenda kwa Ngedere akiimba:

*Nilitoa, nilitoa,*
*miiba yangu i wapi?*
*Siondoki, siondoki,*
*hata mkinifukuza!*

Ngedere alikuwa juu ya mti, analamba vidole. "Mimi nakusanya tu, mama. Kamuulize mkubwa wangu, Waziri Nyani."

Haya, niambieni nyinyi: kesi ya ngedere, hakimu nyani, itaisha lini? Lakini alikwenda. Mbuni alimsikia akiimba, naye alikuwa na mtoto wake pale hospitali, akamfuata. Wakaimba wawili.

Waziri Nyani akajikuna ubavu. "Suala lenu linashughulikiwa. Rudini mwezi ujao."

"Mwanangu hana mwezi ujao, Mheshimiwa. Ana mchana huu tu."

"Vuta subira, mama. Subira huvuta heri."

"Subira yangu niliing'oa pamoja na miiba," akasema Nungunungu, akageuka.

Wakaenda kwa Mfalme Simba. Njiani Nyuki wakausikia wimbo, wakajiunga. Wagonjwa walioweza kutembea wakajikokota nyuma. Mbuni akarudi mbio kumchukua Kobe, akampakia mgongoni, maana kwa mwendo wake angefika masika.

Simba hakuujua hata mlango wa hospitali ile. Akipiga chafya tu, alivushwa mto kwenda kutibiwa nchi jirani. Walimkuta ameketi kwenye godoro nene la manyoya ya mbuni, bakuli la asali mkononi. Na nyuma ya kichwa chake, kiti kizima kilikuwa kimepambwa miiba, myeupe na myeusi, inang'aa.

Nungunungu akaitambua. Nani asiyekijua kilichong'oka mwilini mwake?

"Mtukufu, hicho kiti ni sindano za hospitali."

Simba akanguruma. "Unajua unasema na nani? Wewe usiye na hata mwiba mmoja!"

Nungunungu aliogopa, nisiwadanganye. Lakini hakurudi nyuma. "Najua. Sina mwiba kwa sababu umeukalia wewe. Mwanangu ana jipu kooni, na nchi hii ina jipu kitini. Leo yanatumbuliwa yote mawili."

Simba akainuka amrukie. Ndipo Nyuki wakavuma juu ya kichwa chake, wengi, weusi tititi.

"Shuka kitini, Mtukufu," wakasema. "Sisi tulitoa asali. Miiba yetu hatukuitoa."

Simba akatazama juu. Akatazama mlangoni, umati umejaa. Akashuka.

Nungunungu akachomoa mwiba mmoja. Kobe akamlaza Kisumari juu ya lile godoro la kifalme, jua likigusa vilima, akalitumbua jipu. Usaha ukamwagika hapohapo.

Kisha Kisumari akalia! Akalia kwa nguvu zake zote, kilio cha kwanza kwa siku tatu, na mama yake akakaa chini akalia naye.

Godoro, asali na miiba vikabebwa hospitali jioni ileile. Ngedere na Nyani walikimbilia mitini, na mpaka leo hawali bila kugeuka kuangalia nyuma. Simba analala chini, kwenye vumbi, na akiugua hupanga foleni nyuma ya panya. Nungunungu miiba ilimwota tena. Anatoa kila mwaka. Ila huipeleka mwenyewe mkononi mwa Kobe, na haondoki mpaka aione ikifanya kazi.

Basi mjue, wanangu: kutoa ni wajibu, na kuuliza kimekwenda wapi ulichotoa ni wajibu vilevile. Aliyetoa haombi. Anadai.

Ngano yangu imekoma hapo. Ikiwa tamu, ni mchango wangu kwenu, gawaneni sawa. Ikiwa chungu, imezeni hivyohivyo, ndiyo dawa.